Mashine Bora na Haki ya Jirani

Swali la kwamba, baina ya mashine zinazoshindania mikono ya vijana wa dunia, yaani PlayStation ya Sony, Xbox ya Microsoft na zile za Nintendo, ni ipi iliyo bora, ni swali ambalo mtu mzima aghalabu hulipita akidhani ni maneno ya watoto. Lakini mwenye kupita jioni katika mitaa ya Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, hapa Bujumbura, akasikiliza jinsi linavyojadiliwa, kwa hoja, kwa ukali, na mara nyingine kwa uchungu wa mtu aliyetukaniwa ukoo wake, hana budi kukiri kwamba ndani yake mna mambo mawili ambayo dini na falsafa zimeyashughulikia tangu kale: mchezo una daraja gani katika maisha ya mwanadamu, na kwa nini moyo wa mwanadamu hauridhiki kukipenda kitu mpaka ukichukie kingine.

Niseme kwanza jinsi mchezo huu unavyochezwa kwetu. Huko ulikotungwa ulikusudiwa sebule ya nyumba: mzazi hununua, mtoto hucheza, na jirani hupata habari kwa kelele tu. Katika Buyenzi, mtaa uliopangwa zama za Wabelgiji kwa njia zinazoitwa kwa nambari, wakakaa humo Waswahili, na ambamo hata leo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, mambo ni mengine. Mwenye mashine ni mchuuzi aliyefungua chumba kimoja kinachoelekea njiani, akatia televisheni mbili au tatu, mabenchi, na PlayStation ambazo aghalabu ni za toleo lililokwisha kupitwa na mengine. Na mwenye kucheza ni yeyote aliye na faranga za kulipia mechi moja ya mpira. Aliyeshinda hubaki, aliyeshindwa humwachia maneti, yaani kishikio, anayefuata, na nyuma yao husimama wasio na faranga, ambao kwa kutazama tu wamekuwa mafakihi wa mchezo kuliko wanaoucheza. Umeme ukikatika, wote hutoka nje wakaendelea na mjadala gizani. Basi wengi wa wanaoapa katika mji huu kwamba PlayStation haina mfano, au kwamba Xbox ina nguvu zaidi, hawana hiyo wala hii. Wanatetea mali ya mtu mwingine, na jambo hili silitaji kwa kuwadharau, kwa sababu kwa njia hiyo tutafika kwenye kiini cha suala lenyewe.

Wako wazazi, na wako baadhi ya masheikh na wachungaji, wanaoukata mjadala mapema kwa kusema kwamba mashine zote ni sawa katika ubaya wao, kwa kuwa mchezo ni upuuzi na wakati ni amana. Kwamba wakati ni amana sina la kubisha. Lakini kwamba mchezo wote ni upuuzi, hilo halikuwa shauri la wale tunaowategemea. Katika hadithi alizozipokea Bukhari imo habari ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, naye Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha apate kuwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Na imepokewa vilevile kwamba alishindana naye mbio, Bibi Aisha akamshinda, kisha siku nyingine, baada ya muda, yeye akamshinda Bibi Aisha, akamwambia kwamba hii ni badala ya ile. Al-Ghazali, ambaye hakuna awezaye kumshutumu kwa kuifanyia dunia wepesi, alisema katika kitabu chake Ihyaa kwamba mtoto atokapo chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuizima akili yake. Na walipohitilafiana maulamaa juu ya sataranji, Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yote ya Waswahili na kufika mpaka Ujiji na kwetu, aliuona mchezo huo kuwa makuruhu tu, maadamu haukuingia kamari wala haukumpitisha mtu wakati wa sala. Ilhali nardi, mchezo wa kutupa dadu, wengi wa wanazuoni waliuharimisha.

Upande wa Wakristo, ambao ndio wengi wa Warundi, Thomas Aquinas katika karne ya 13, akimfuata Aristotle, aliuhesabu uchangamfu wa mchezo kuwa ni fadhila ukiwa na kiasi, akaongeza jambo ambalo sisikii likihubiriwa: kwamba mtu asiyejua kucheza kabisa, akawa mzigo kwa wenziwe na kuwaharibia furaha yao, naye ana kosa. Kwa hiyo mlango wa kuzihukumu mashine kwa neno moja umefungwa na wakubwa wetu wa pande zote mbili. Lililobaki ni kupima, na vipimo wametupa: mchezo huu unaufanya nini wakati wa mtu, unaifanya nini mali yake, na unamfanya nini yule aliyeketi karibu naye. Mimi nitakishika zaidi hiki cha tatu, kwa sababu ndicho kinachosahauliwa na wanaopima mashine kwa nguvu zake.

Mwaka 1958 Mfaransa mmoja, Roger Caillois, aliandika kitabu juu ya michezo na watu, akagawanya michezo yote mafungu manne: ushindani, bahati, kujigeuza mtu mwingine, na kizunguzungu. Ugawaji huu husaidia sana kufahamu kwa nini mashine moja imvute huyu na nyingine imvute yule. Nintendo, iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889 na Fusajiro Yamauchi kwa kutengeneza karata, haikuacha kamwe tabia ya karata, yaani mchezo wa kukalisha watu kuizunguka meza. Mashine yake ya mwaka 1983 ilitoka kiwandani na vishikio viwili. Ile ya mwaka 1996 ilikuwa na matundu ya wachezaji wanne. Wii ya mwaka 2006, ambayo haikuwa na nguvu hata kidogo mbele ya wapinzani wake, iliuzwa zaidi ya milioni 100, kwa sababu bibi na mjukuu waliweza kusimama pamoja wakapunga mikono yao. Na Switch ya mwaka 2017 ina kishikio kinachokatika vipande viwili, ili mwenye mashine moja ampe mwenzake nusu. Anayeipenda Nintendo kwa kawaida hapendi kushinda sana. Hupenda kuwa mahali ambapo watu wanacheka.

Sony ilizaliwa kwa ugomvi. Ilikuwa imeafikiana na Nintendo kutengeneza mashine kwa ubia, na mwezi wa Juni mwaka 1991, huko Chicago, siku moja tu baada ya Sony kuitangaza kazi hiyo hadharani, Nintendo ikatangaza kwamba itafanya kazi na Philips. Aibu ile Ken Kutaragi na wenziwe wa Sony wakaigeuza kuwa kazi, na tarehe 3 Desemba mwaka 1994 PlayStation ikatoka Japani. Haikuwakusudia watoto. Iliwataka vijana waliokwisha kuota ndevu, wenye kupenda fahari ya picha, hadithi ndefu, na mpira uliofanana na mpira wa kweli. Ya pili yake, ya mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150, ndiyo iliyofika mpaka kwetu ikiwa imetumika na kutumika tena, na ndiyo iliyofanya jina la PlayStation katika miji ya Afrika Mashariki liwe jina la mashine zote za namna hii. Mpira ndio uliolipa jina hilo nguvu Bujumbura, na si ajabu: katika mchezo huohuo kijana wa Buyenzi aliweza kumchagua Saido Berahino, aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1993, akakimbilia Uingereza angali mtoto, na aliyekuwa nahodha wa Burundi ilipokwenda Misri mwaka 2019 kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kujiona umo katika dunia, hata kwa sura ya mtu mmoja miongoni mwa maelfu, ni liwazo la roho ambalo wenye kuonekana kila siku hawalijui.

Microsoft iliingia mwisho, Novemba mwaka 2001, nayo ilikuja na fikira ya watu wa kompyuta: kwamba mwenzako wa kucheza si lazima awe karibu nawe, kwa kuwa waya utamleta. Kwa mwenye intaneti ya kudumu hii ni neema kubwa. Mtu mlemavu asiyetoka nyumbani, mgeni katika nchi ya baridi asiye na rafiki, Mrundi aliyeko Brussels anayetaka kucheza na nduguye aliyeko Ottawa, hawa wote wamepata baraza mahali ambapo hapakuwa na baraza. Sitaki kulipunguza hilo. Lakini kwa Bujumbura, ambako intaneti hununuliwa kwa kipimo na umeme huja na kwenda, mashine iliyojengwa juu ya waya hufika ikiwa nusu, na ndiyo sababu Xbox kwetu ina mashabiki wengi kuliko wachezaji.

Juu ya fungu la Caillois linaloitwa bahati sitakawia, kwa sababu hukumu yake iko wazi. Katika michezo ya mpira yamewekwa maduka ambamo mtoto hulipa fedha za kweli kununua kifurushi asichojua ndani yake mna mchezaji gani. Ubelgiji, iliyotutawala sisi, ilitambua mwaka 2018 kwamba hiyo ni kamari kwa mujibu wa sheria zake, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni ya Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia vifurushi vile. Jambo hili limo katika mashine za kampuni zote tatu, na wenye kushuhudia vibanda vya ubashiri wa mechi vilivyoota katika kila mtaa wetu wataelewa upesi kwa nini wanazuoni waliitenga nardi na sataranji.

Sasa nije kwenye asabiya. Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, aliieleza kuwa ni ule mshikamano unaowafanya watu wawe mkono mmoja na kuasisi dola. Dini nayo, kwa ulimi wa Mtume, iliilaani pale inapomfanya mtu amsaidie mwenzake katika dhulma. Baina ya maana hizi mbili ndipo anaposimama shabiki wa mashine, ila yeye amepata la ziada: asabiya yake haina ukoo, haina ardhi, wala haina wa kumsaidia siku ya shida. Kabla ya PlayStation, vijana wa Ulaya na Marekani waligombana kwa miaka mingi juu ya Sega na Nintendo, wakatukanana kwa sababu ya Sonic na Mario. Mwaka 2001 Sega ikaacha kutengeneza mashine, na kabla mwaka huo haujaisha Sonic, aliyekuwa bendera ya mashabiki wa Sega, akaonekana ndani ya mashine ya Nintendo. Na leo? PlayStation na Xbox, tangu zile za mwaka 2013 hata hizi za mwaka 2020, zote mbili mioyo yao imesanifiwa na kampuni moja, AMD. Mwezi wa Juni mwaka 2019, Marekani ilipotaka kutoza ushuru bidhaa zinazotoka Uchina, Sony, Microsoft na Nintendo ziliandika barua moja ya kupinga, zikatia sahihi pamoja. Mwaka 2024 Microsoft ikaanza kupeleka katika PlayStation michezo ambayo mashabiki wake walikuwa wakijitapia kuwa ni yao peke yao. Wenye mali wamekwisha kupeana mikono. Wanaobaki uwanjani ni wale wasiokuwa na hisa hata moja.

Liko lililo zito zaidi. Katika nchi ambazo Sony imezifungulia duka lake la intaneti, Burundi haimo. Kijana wa Bujumbura anayetaka akaunti hana budi kudai kwamba anakaa Ufaransa au Afrika Kusini. Yaani tendo lake la kwanza la uaminifu kwa mashine aipendayo ni kusema uongo juu ya nchi yake. Mimi simlaumu yeye kama ninavyousikitikia mpango uliomfikisha hapo, lakini namwomba atafakari: ni mapenzi gani hayo ambayo upande mmoja unaapa, na upande wa pili haujaliandika jina la mji wako?

Wala sisi wa mji huu hatuna ruhusa ya kuichukulia asabiya kuwa jambo jepesi. Tangu Oktoba mwaka 1993, alipouawa Rais Ndadaye, kwa miaka mingi mtaa ulitengwa na mtaa kwa damu, na kijana aliyevuka njia kutoka Kamenge kwenda Ngagara aliweza kupoteza roho yake kwa sababu ya alivyodhaniwa kuwa. Katika miaka hiyohiyo Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoasisiwa na mapadri wa shirika la Waxaveri, kilifungua milango yake kwa vijana wa mitaa ya kaskazini bila kuwauliza kabila, wakaja kucheza mpira, kusoma na kufanya kazi pamoja wakati nje watu walikuwa wakiuana. Na mwaka 2002 kikatunukiwa nishani ya Right Livelihood inayotolewa Sweden. Huo ni ushahidi mkubwa kuliko hoja zangu zote. Mchezo unaofaa huwapa watu sababu ya kushindana, kisha, filimbi ya mwisho ikilia, huiondoa sababu hiyo mikononi mwao na kuwaacha wakiwa wamezoeana. Ushabiki wa mashine hufanya kinyume chake, kwa kuwa hauna filimbi ya mwisho. Mechi zote huisha, nao hubaki.

Kama basi nguvu za mashine haziwezi kutuamulia, na wala majina yake, ipimwe kwa nini? Jibu langu limo katika tukio la mwezi wa Juni mwaka 2013, ambalo naliona kuwa ndilo la maana kuliko yote katika historia ya ushindani huu, ijapokuwa wengi hulikumbuka kama kisa cha kuchekesha. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, itapaswa kuunganishwa na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba santuri ya mchezo haitaweza kuazimwa wala kuuzwa tena ila kwa masharti iliyoyaweka yenyewe. Sony ikajibu kwa filamu fupi ya sekunde chache, ambamo mtu mmoja anamkabidhi mwenzake santuri, mwenzake anashukuru, na habari imekwisha. Haikupita muda mrefu Microsoft ikarudi nyuma katika mambo yote mawili. Watu walicheka, lakini lililokuwa likibishaniwa ni mojawapo ya misingi ya kuishi pamoja, kwamba mtu akimiliki kitu anaweza kumfadhili nacho jirani yake.

Fikihi imeyapambanua mambo haya kwa insafu ya ajabu. Kuna kuuza, ambako kitu chenyewe huhamia milki ya mnunuzi, naye akawa huru kukitumia, kukitoa zawadi, kukirithisha. Kuna ijara, ambayo ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana, na ndiyo inayofanyika kila siku katika vyumba vya Buyenzi, mechi kwa mechi, bila ya yeyote kudanganywa. Na kuna ariya, kuazima bure, na juu yake Kurani katika sura ya Maun inawalaumu vikali wanaowanyima watu hata vyombo vya kusaidiana. Sasa tazama mchezo unaonunuliwa kwa kuushusha kutoka intaneti: bei yake ni bei ya kuuziwa, lakini alichokipata mnunuzi ni idhini ya kutumia, isiyo na muda unaojulikana kama ijara, isiyoweza kuazimwa kama ariya, na isiyorithiwa kama milki. Jimbo la California mwaka 2024 lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wauzaji kuwaeleza wanunuzi wazi kwamba wanapewa leseni tu. Ni sheria njema, lakini kumwambia mtu kwamba hakumiliki hakumrudishii milki.

Na kampuni zote tatu zinakwenda njia hiyo moja. Xbox tangu mwaka 2017 inaita watu wakodi ghala la michezo kwa mwezi; mwaka 2020 Sony na Microsoft kila moja ilitoa, pamoja na mashine ya kawaida, nyingine isiyo na tundu la santuri; PlayStation 5 Pro ya mwaka 2024 huuzwa bila tundu hilo, anayelitaka alinunue mbali; na Switch 2 iliyotoka Juni 2025 ina baadhi ya kadi ambazo ndani yake hamna mchezo, ila ufunguo wa kuushusha. Nintendo ina heshima moja hapa, kwamba kadi ile yenye ufunguo bado huweza kuazimwa. Lakini mwenye chumba cha Buyenzi, ambaye mchezo mmoja wa gigabaiti 50 au zaidi humgharimu fedha nyingi kuushusha, na ambaye hajaandikwa katika orodha ya wenye haki ya kuununua, anafungiwa mlango polepole. Na akifungiwa yeye, wamefungiwa wale wote wanaosimama nyuma ya benchi lake.

Hapo ndipo ninapotoa hukumu yangu juu ya swali la vijana. Mashine bora ni ile inayokubali kuazimwa, kukodishwa kwa mechi moja, kutengenezwa na fundi wa mtaani, na kuchezwa na wawili walioketi bega kwa bega hata intaneti ikikosekana. Kwa kipimo hiki PlayStation ya pili, yenye santuri zake zilizokwaruzwa, ni bora kuliko zote zilizoifuata, na Switch ya mwaka 2017 inakuja karibu nayo. Xbox za leo, pamoja na nguvu zao na ukarimu wao kwa mtu wa mbali, zinashindwa. Atakayeniambia kwamba nimesahau fungu la tatu la Caillois, yaani mchezaji wa pekee anayejigeuza msafiri au shujaa katika hadithi ya saa 40, naye anapata humo tafakuri kama msomaji wa kitabu, nitamwambia kwamba namkubalia kabisa, na kwamba hata kitabu, raha yake ya pili ni kumpa mwingine akisome.

Kuna kipimo kimoja ambacho mbele yake kampuni zote husimama sawasawa. Mwenye kusimama ufukweni Bujumbura huiona, upande wa magharibi, milima ya Kivu ng'ambo ya Tanganyika, na Uvira chini yake. Katika ardhi ya Kivu huchimbwa koltani, ambamo hutolewa tantali, nayo hutiwa katika vijichombo vya kuhifadhia umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine hizi za mchezo. Mwishoni mwa mwaka 2000, soko la vyombo hivyo lilipopamba moto, bei ya tantali ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi, na watu wenye silaha mashariki ya Kongo wakagombania mashimo; jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likaeleza katika ripoti ya mwaka 2001 jinsi madini yale yalivyolisha vita, na majirani wa Kongo hawakusalimika na lawama. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini yao. Hata hivyo mwaka 2024 machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yaliingia mikononi mwa waasi wa M23, na wachimbaji wakaendelea kuchimba kwa mikono yao.

Mwanafikihi angeuliza kama dhambi ya shimo humfikia mwenye kubonyeza maneti, na mimi naona haimfikii kama inavyomfikia muuaji, wala haimpiti kama kwamba hakuhusika. Humfikia kwa njia ya wajibu: kuitumia mashine aliyo nayo mpaka ifike mwisho wake, kutokimbilia mpya kwa ajili ya fahari, na kujua kwamba hakuna jina la kampuni analoweza kulivaa kama kanzu safi. Na hapa tena chumba cha Buyenzi, ambamo mashine moja huhudumia watu wengi kwa miaka mingi, ambamo fundi huitia waya na kuirejesha kazini, kina haki zaidi kuliko nyumba ya tajiri wa Ulaya anayeibadili kila linapotoka toleo.

Kwa hiyo nawaomba wazazi, masheikh na mapadri wa mji huu wasivifunge vyumba hivi, bali wavizuru. Wenye vyumba wazime televisheni adhana inapotoka na saa za shule, wasipokee fedha za kuwekeana dau, na wawaachie nafasi mabinti, ambao mpaka leo husimama mlangoni tu. Nanyi vijana, siku mtakapopata uwezo wa kununua mashine yenu wenyewe, ulizeni kwanza dukani kama ina tundu la santuri na kishikio cha pili, kisha ndipo muulize jina lake.